Nilimwambia Mwalimu Taa Zitawaka Ijumaa

Nimekosa, na sitaki kuanza kwa kuilaumu kampuni. Kampuni haina mdomo. Ilitumia wangu.

Ninaandika haya nikiwa nimejifungia chumbani kwangu hapa Mpanda, mchana kweupe, na kila pikipiki inayopunguza mwendo nje ya geti inanifanya niache kuandika nisikilize. Ikipita, naendelea. Nisameheni kama maneno yangu yatakatika njiani.

Jina langu sitalitaja. Najua kwamba hilo nalo ni sehemu ya kosa.

Mimi ni binti wa hapa hapa Katavi, nimekulia Litapunga, na nina shahada ya uzamili. Silisemi hilo kwa majivuno, Mungu wangu! Nalisema kwa sababu kosa langu lilizaliwa ndani ya elimu hiyo. Katika tasnifu yangu nilichunguza kwa nini mtu wa kijijini hununua bidhaa kwa muuzaji mmoja na kuikataa kwa mwingine, ingawa bidhaa ni ile ile. Nilihitimisha kwamba hanunui bidhaa. Ananunua neno la mtu anayemwamini. Nilipewa alama nzuri kwa ugunduzi ambao bibi yangu angeniambia bure.

Kampuni ya taa za sola ikaniajiri kuchambua hatari za biashara. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: mteja analipa kianzio, anafungiwa paneli, betri na taa, kisha anaendelea kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kila akilipa anatumiwa tokeni, anabonyeza zile namba kwenye betri, na taa zinawaka mpaka muda aliolipia uishe. Asipolipa, betri inajifunga yenyewe. Akimaliza deni lote anapewa tokeni ya mwisho, ambayo huifungua betri moja kwa moja, na kuanzia hapo vifaa ni vyake.

Mawakala vijana walikuwa wakitoroka na makusanyo. Nikaandika pendekezo: tuwatumie wastaafu. Mstaafu ana kiinua mgongo mkononi, kwa hiyo anaweza kuzilipia seti kabla hata hajazisambaza, kisha akarudishiwa fedha yake kadiri wateja wanavyolipa. Zaidi ya hayo, niliandika, ana jina katika jamii yake. Niliandika neno "jina" kama mtu anavyoandika "paneli" au "betri".

Meneja alisoma, akapiga meza kwa furaha. "Dada, wewe ni noma! Yaani hatari yote anaibeba mzee wa watu!"

Nikacheka naye. Nilicheka, jamani!

Mstaafu wa kwanza niliyemfuata nitamwita Mwalimu Sefania. Alinifundisha hesabu Litapunga, akastaafu, akarudi kwao Mishamo, makazi ambayo wazazi wake walipewa walipokimbia kutoka Burundi, yeye akiwa mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Kule wazee humwita umushingantahe. Kwa jinsi nilivyoelezwa, huyo ni mtu ambaye majirani wakigombana huja kwake, na akishasema, ugomvi umekwisha. Lakini jambo hilo lina upande wa pili, ambao sikuuandika kwenye pendekezo: mtu wa namna hiyo akisema neno mbele ya watu, ameliwekea nafsi yake. Hawezi kuja kesho kusema alielezwa vibaya.

Tuliketi uani kwake. Mkewe, Mama Rebeka, alikuwa anapepeta maharage. Kiinua mgongo kilikuwa kimepangiwa kuezeka nyumba mpya ya matofali iliyokuwa imefika kwenye linta.

"Mwanangu," Mwalimu akaniuliza, "hii kampuni unaijua?"

"Naijua, Mwalimu. Nimepitia mahesabu yake."

"Sikuulizi kama umeisoma. Nakuuliza kama unaijua."

"Naijua."

Mama Rebeka akasema bila kuinua kichwa, "Bati nalo tunalijua. Halihitaji tokeni."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Lakini bati likaahirishwa.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu siwezi kusema tulianza kwa utapeli. Watu walifurahi. Kinyozi alinyoa mpaka usiku. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, nitamwita Mzee Masanja, alifunga taa kwenye zizi lake kuzuia fisi. Na wote walisema, "Tumechukua kwa Mwalimu." Hakuna aliyelitaja jina la kampuni. Nadhani wengi hawakulijua.

Kisha mishahara ikaanza kuchelewa. Makao makuu Dar es Salaam wakawa hawapokei simu. Niliona kwenye taarifa zetu kwamba aliyetukodishia mfumo wa tokeni alikuwa anadai kwa muda mrefu na alikwisha kutuonya. Nilielewa maana yake. Nilisomea! Nilimuuliza meneja, akanijibu, "Punguza presha, dada. Kampuni zote zinapita kwenye mpito."

Ikafika siku watu wa Mishamo wakalipa, fedha ikapokelewa, tokeni hazikurudi. Betri zikaanza kujifunga. Jumamosi Mwalimu akanipigia. Meneja alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, funguo za gari mkononi, anaelekea Dar.

"Mwanangu, watu wamejaa hapa. Wamelipa, hawapati namba. Niwaambie nini?"

Nikamtazama meneja. Akanong'ona, "Mtandao. Sema Ijumaa."

"Ni mtandao tu, Mwalimu," nikasema. "Ijumaa zitawaka."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

"Una hakika? Maana nitawaambia."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Aliniuliza wazi kabisa, kama alivyokuwa akiniuliza ubaoni, kwa upole, ili nijisahihishe kabla hajaweka alama. Na mimi nilijua kwamba sina hakika. Nilijua hata kwamba nina hakika ya kinyume chake.

"Nina hakika, Mwalimu."

Kesho yake, baada ya ibada, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya kanisa zima akasema ameuliza yeye mwenyewe, amejibiwa, na Ijumaa taa zitawaka. Aliongeza kwamba mwenye shaka aende nyumbani kwake. Watu wakapiga makofi. Wengine, kwa kumtii yeye, wakalipa tena wiki ile ili wasipitwe.

Ijumaa ikafika. Hazikuwaka.

Siku hiyo hiyo meneja alirudi kutoka Dar na uso wa mtu aliyetoka msibani. Akafunga mlango. "Imekwisha. Kampuni inafungwa. Mfumo unazimwa kesho jioni."

Nikauliza jambo nililokuwa nikiliwaza wiki nzima: je, niwafungulie wateja betri zao? Mimi, kwa kazi yangu, niliweza kutoa tokeni ya mwisho. Nilikuwa nazitoa kila siku kwa waliomaliza deni. Mtambo wa kutengeneza namba ulikuwa bado mzima. Kilichokatwa ni ule muunganiko na malipo ya simu tu. Kabla mfumo haujazimwa ningeweza kuwatumia wateja wote tokeni hiyo, na betri zote zingefunguka.

"Ukizifungua umegawa mali ya watu," meneja akasema. "Zile seti zimewekwa rehani kwa waliotukopesha."

"Lakini mfumo ukizimwa hakuna atakayeweza kuzifungua tena. Waliotukopesha watafanya nini na betri zilizokufa?"

"Hawatafanya kitu."

"Sasa nani anafaidika?"

Akaanza kukusanya vitu vyake. Kikombe, picha ya watoto, chaja. "Dada, mimi sikuzuii. Ila jina litakalobaki kwenye mfumo kwamba ndilo lililofungua ni lako. Mimi nina watoto shule." Akaondoka, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Jumamosi niliingia ofisini peke yangu. Nikawasha kompyuta. Orodha ya wateja ilikuwa mbele yangu, na kitufe ni kimoja tu cha kubonyeza.

Nataka mwelewe jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kuwa mwoga bila kujiita mwoga. Nilijiuliza kama ni wizi. Nikajiuliza kama kutokufungua nako si wizi. Nikasoma mkataba wangu wa ajira. Nikajiona mahakamani, nikajiona sipati kazi tena popote, na mama yangu anaulizwa sokoni mwanaye amefanya nini. Nikawaza niwafungulie wa Mishamo peke yao. Nikajijibu kwamba huo ni upendeleo, wateja wetu wa Ikola na wa Nsimbo wamekosa nini? Mnaona? Dhamiri yangu ilikuwa safi kiasi cha kutonisaidia kufanya lolote! Nikampigia rafiki yangu mwanasheria, hakupokea, nikaona ni busara kumsubiri.

Jioni skrini ikaganda. Ikarudi ikaniomba nywila. Nikaandika. Ikakataa. Nikaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Ikakataa.

Na sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipoona imekataa, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Nilipata nafuu. Nilishusha pumzi! Nilifurahi kwamba uamuzi umeniondokea mikononi. Mungu anisamehe, kwa sababu mimi sijaweza.

Nilitegemea Mwalimu apige simu kunigombeza. Hakupiga. Siku zikapita, simu iko kimya, na kimya hicho kikaanza kunitisha kuliko matusi. Nikapanda gari la Mishamo.

Niliposhuka nikachukua bodaboda. Dereva akauliza naenda kwa nani.

"Kwa Mwalimu Sefania."

"Aaah, kwa Mwalimu Ijumaa!" Akacheka sana. "Siku hizi tunamwita hivyo. Ukimuuliza lini, anakwambia Ijumaa. Yule mzee ametupiga, dada. Katupiga live!"

"Mna uhakika ni yeye? Labda kampuni..."

"Kampuni gani? Mimi sijaona kampuni. Nimemwona yeye kasimama kanisani. Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana," nikasema. Hofu ikanishika mgongoni kama mkono wa mtu.

Nilipofika uani kwake niliona seti. Paneli, betri, taa, nyaya zilizoviringishwa vizuri, zimerundikwa mbele ya mlango mpaka mlango ukawa haufunguki wote. Watu walikuwa wanaendelea kuzileta. Mtu anakuja na baiskeli, anafungua mpira wa keria, anateremsha mzigo wake, anauweka juu ya mwingine, anageuka. Hakuna aliyebisha hodi. Hakuna aliyesema "amahoro", salamu ambayo kule hata mgeni asiyejulikana hanyimwi. Na Mwalimu alikuwa ameketi pale pale kando ya rundo, kwenye kigoda, akimsalimia kila mmoja kwa jina, na kila mmoja akipita kama vile kigoda ni kitupu.

Nilitamani wapige kelele. Kelele ningeziweza.

Mzee Masanja naye akaja, na yeye peke yake ndiye aliyesema. Alisimama na fimbo yake, akaweka betri chini. "Mwalimu, mimi sina matusi na wewe. Lakini fisi amekula ndama wangu wawili. Ulisema Ijumaa. Mimi kwa sababu ya hiyo Ijumaa sikuweka mtu wa kulinda."

"Nilisema," Mwalimu akajibu.

Vijana watatu waliokuwa wameegemea ukuta wa ile nyumba isiyo na bati wakasogea. Mmoja akasema, "Mzee, nyie watu wa zamani hamjui hivi vitu. Kuna mtu alikudanganya. Mtaje tu. Sisi tutamalizana naye."

Tulikuwa tumesimama karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya petroli kwenye nguo zake.

Mwalimu hakunitazama. Hata kidogo. "Nilisema mimi," akajibu.

"Mtaje, Mwalimu!"

"Ni mimi niliyesimama. Mlimwona mtu mwingine pale mbele?"

Yule kijana akanigeukia. "Na huyu dada ni nani?"

Ilikuwa nafasi yangu ya pili, na wanadamu wengi hawapewi ya pili. Ningesema maneno matatu tu: ni mimi niliyemwambia. Nilifungua mdomo. Mwalimu akanitangulia: "Ni mwanafunzi wangu wa Litapunga. Amekuja kunijulia hali."

Nikasema, "Shikamooni."

Hilo tu! Nimesoma miaka yote hiyo, na neno lililonitoka ni hilo!

Kijana mmoja akachukua jiwe, sijui kama alitaka kulirusha au kulishika tu. Mzee Masanja akainua fimbo. "Asiguswe mtu hapa. Mwacheni. Mwacheni hivyo hivyo." Wakaondoka wote. Wakati huo nilidhani amemwokoa. Baadaye ndipo nilipoelewa maana ya "mwacheni". Tangu siku ile hakuna anayewasalimia yeye na mkewe. Hakuna anayewaomba moto wala kuwapa. Mahindi yao yameiva shambani, na wale waliokuwa wakija kusaidiana kuvuna wanapita barabarani wakiangalia upande wa pili. Mzee na mama wanavuna wawili, wanabeba wawili.

Mama Rebeka alinisindikiza mpaka njiani. Nilidhani ananisindikiza kwa heshima.

"Siku ile ulipoongea naye kwenye simu," akasema, "nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alikuwa ameweka spika, maana masikio yake siku hizi ni mazito."

Sikuweza kumwangalia.

"Nilikusikia akikuuliza kama una hakika. Nilisikia na ulivyojibu. Amenikataza nisimwambie mtu, na mimi sitamwambia. Lakini nakuuliza, mwanangu, kama mama yako. Wewe unalala?"

Silali, Mama. Kama utasomewa maneno haya, jibu langu ni hilo. Nilishindwa kulisema pale njiani.

Ofisi yetu ya Mpanda imefungwa, na kibao kimeng'olewa. Nimesomea foleni ya wadai kampuni inapokufa, naijua kwa moyo: wanatangulia wenye rehani, wanafuata wengine wenye karatasi nzito, na mwisho kabisa, ambapo kwa kawaida sahani imekwisha kurambwa, wapo mzee aliyetoa kiinua mgongo chake na mama aliyelipia taa ya jikoni. Hakuna aliyekuja Mishamo kuwaambia lolote. Si mwenye mtaji, si mkurugenzi, si meneja. Kila mmoja ana sababu, na nikizisikiliza sababu zao moja moja naona zote zina mantiki. Ndiyo maana naogopa. Madhara haya yote yalitokea, na kila aliyehusika alikuwa na mantiki.

Juzi nilipata ujasiri nikampigia Mwalimu. Nikamwambia nitakuja Mishamo, nitasimama mbele ya watu, niseme.

"Watakupiga, mwanangu."

"Na wewe je, Mwalimu?"

"Mimi hawanipigi. Hawanisalimii tu."

Akaniuliza kama nimepata kazi nyingine. Akaniuliza mama hajambo. Kisha akakata, taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto.

Bado sijaenda. Nimekwisha kufunga begi mara kadhaa. Naogopa wale vijana, naogopa jiwe lile, na kuliko vyote naogopa uso wa Mzee Masanja atakapojua kwamba amemnyima salamu mtu asiye na hatia. Kwa hiyo nimeandika kwanza, kusudi hata nikirudi nyuma tena, ukweli uwe umeshatoka. Watu wa Mishamo, Mwalimu wenu hakuwadanganya. Alidanganywa na mwanafunzi wake, akakataa kumtaja. Mkikutana naye leo, msalimieni.

Na wewe kijana mwenzangu uliyesoma, uliyeajiriwa kwa sababu unatoka nyumbani na watu wanakuita binti yetu au kijana wetu, nisikilize. Kampuni ikianza kufa haitawatuma wageni kwenda kusema uongo. Itakutuma wewe. Watakupa sentensi fupi tu, ya kuvuta siku mbili tatu, na itaonekana ndogo kabisa mdomoni. Usiiseme! Na kama kuna mlango unaoweza kuwafungulia watu kabla haujafungwa, ufungue, ukajieleze baadaye.

Usisubiri uwe na hakika ya kila kitu. Mzee akikupigia simu akuulize una hakika, mwambie huna, siku ile ile, kabla hajaenda kusimama mbele ya watu.